Mfereji Usiotoa Maji

Daktari Karambu alilaza kidole gumba kwenye mfereji uliokatiza paji la uso wa Ruguru, na kidole kikatoshea barabara, kama mbegu kwenye shimo lake. Kliniki ilikuwa ghorofani mjini Meru, juu ya duka la dawa za mifugo, kwa hivyo wagonjwa wote walinukia dawa ya kupe. Purity, bintiye Ruguru, alikaa kwenye benchi akimshikia mamake kitambaa cha kichwa.

"Huu ni wa mukwa," daktari alisema.

Ruguru akakubali. Tangu usichana wake huko Runyenjes alikuwa akivaa mukwa, ule mkanda wa ngozi unaopita kwenye paji la uso na kushikilia mzigo mgongoni. Kichwa kilimuuma kuanzia kisogoni hadi nyuma ya jicho. Shingo ilikuwa imekataa kugeuka kushoto. Kanisani mumewe alikaa upande huo, kwa hivyo hakuwa amemwona wakati wa ibada kwa muda mrefu, jambo ambalo hakulitaja kama ugonjwa.

Daktari alieleza kwamba maumivu mengi ya kichwa huanzia shingoni. Mwenye kuinamia simu mchana kutwa huyapata, na dereva wa lori, na anayelalia mito iliyorundikwa kama magunia. Purity mwenyewe alikuwa ameletwa pale na simu na kompyuta ya ofisini, akanyooshwa, akaambiwa ainue simu ifike usawa wa macho. Sasa alitembea mjini ameinyanyua mbele ya uso kama mtu anayejitazama kwenye kioo, na kichwa hakikumuuma tena.

Baada ya kutazama picha za mifupa na kuipapasa shingo pingili kwa pingili, daktari alimlaza Ruguru kitandani, akamshika kidevu na kisogo.

"Mama, hapa kuna maji mengi. Ni ya nani?"

"Kwa nini unauliza?"

"Mzigo ukitoka lazima uende kwa mwenyewe. Kliniki hii haina stoo."

Ruguru aliona hilo ni jambo la busara. Akafikiria kwa makini, maana hakutaka kumwonea mtu. Mradi wa maji ulipofika kijijini, bomba lilipita mbele ya lango lao, na kila boma likawekewa mfereji wa maji uani isipokuwa lao. Mumewe, Njagi, alikuwa mwenyekiti wa mradi. Alisema boma lenye mke halihitaji mfereji, kwamba mfereji hufundisha wanawake uvivu. Na kila asubuhi, Ruguru alipokuwa akichuchumaa chini ya mtungi, Njagi alimwambia kutoka kwenye kiti chake, kwa upole kabisa, "Mama Purity, mzigo haumlemei mwenyewe."

"Ni ya Njagi," Ruguru alisema.

"Na kuni?"

"Njagi."

"Nyasi za ng'ombe? Magunia ya kahawa?"

"Ng'ombe ni wa Njagi. Kahawa ni ya Njagi."

Daktari akageuza shingo kidogo. Ikalia tak. Mapazia yalipepea, na kitu kizito kikatoka dirishani kuelekea upande wa Embu, kwao Runyenjes.

Wakati huo Njagi alikuwa hotelini Runyenjes na kamati ya maji, akinywa chai. Kidevu chake kikashuka kifuani na kichwa kikaingia kwenye kola ya koti kama cha kobe. Mbogo, mweka hazina, alisubiri kwa adabu, halafu akauliza mwenyekiti anatafuta nini chini ya meza. Njagi alisema hatafuti kitu. Mkutano ukaendelea, naye akapitisha maazimio yote, kwa kuwa hakuweza kutikisa kichwa kukataa.

Jioni, aliporudi nyumbani, Ruguru aligeuza shingo kushoto na kumwona mumewe vizuri. Alikuwa amezeeka kuliko alivyomkumbuka.

"Mama Purity," Njagi alisema akitazama vifungo vya shati lake, "kichwa kinanipasuka. Shingo ni kama nimebebeshwa mto Ena."

"Pole, Baba Purity," Ruguru alijibu. "Mzigo haumlemei mwenyewe."

Akamwekea chakula chini, mahali ambapo angeweza kukiona.

Kesho yake Ruguru alivaa mukwa kama kawaida, kwa sababu mtungi ulikuwa mtupu na bomba bado lilipita langoni bila kuingia. Alipoinuka mtoni, mtungi uliojaa ulikuwa mwepesi kama kitambaa. Juu kule nyumbani alisikia kiti cha Njagi kikilia. Alisimama akafikiri. Kisha, badala ya kushika njia ya mkato, akapitia kwa majirani, kina Kawira, akawasalimu, akakubali uji, akaunywa bila kushusha mzigo. Kutoka hapo akazunguka shamba lote la majani chai. Siku alizoikumbuka ile methali, alifunga jiwe la kusagia juu ya mtungi. Hakuwa na cha kusaga.

Kanisani waumini walimwona Njagi ameinamisha kichwa tangu wimbo wa kwanza hadi baraka. Walisema hawajawahi kuona unyenyekevu wa namna hiyo kwa mtu mwenye cheo. Wakamfanya mzee wa kanisa. Aliitikia uteuzi huo akitazama viatu vyake, na wengi waliguswa.

Baadaye, maumivu yalipomnyima usingizi, Purity alimpeleka babake kwa Daktari Karambu. Daktari alimpapasa shingo, akamuuliza amebeba nini maishani. Njagi alijibu kwa fahari kwamba hajawahi kubeba kitu.

"Hapa kuna maji ya jana," daktari alisema. "Na jiwe. Ni ya nani?"

"Ya mke wangu."

Daktari hakubishana na mgonjwa. Akageuza shingo, ikalia tak. Mzigo ukatoka, ukazunguka chumba ukinusanusa kama mbwa, ukaangusha kiti kimoja, ukapita karibu na Purity bila kumgusa, ukarudi kwenye shingo ya Njagi na kutulia.

"Umeona," daktari alisema. "Shingo ninaweza kunyoosha, lakini ukirudi kwenye kilichoiumiza nitakuwa nafagia upepo. Nimemwambia mama aache mukwa. Ataachaje bila maji nyumbani? Weka mfereji, mzee. Purity anasema bomba liko langoni."

"Ama ubebe maji mwenyewe, Baba," Purity alisema. "Kwa mikono, kwa toroli, vile unataka. Utakuwa unabeba mara moja tu, bila mizunguko ya Mama."

Njagi alimwazia mwenyekiti na mzee wa kanisa akipanda kutoka mtoni na mtungi, na Mbogo akimtazama. Kisha akauwazia mfereji uani, na watu wakisema mke wa Njagi amemshinda. Akauliza kama kuna dawa ya kupaka.

Daktari alimpa mto wa kulalia, ulio mwembamba, akamfundisha jinsi ya kuvuta kidevu nyuma.

Njagi hufanya mazoezi hayo kila siku bila kukosa. Kamati imenunua meza ya chini zaidi kwa heshima yake. Ruguru hugeuka kushoto na kulia, na kichwa hakimuumi hata akipanda mlima na mitungi miwili, ingawa nyumbani hutumika mmoja tu. Wa pili humwaga kwenye migomba, polepole, halafu hurudi mtoni kuujaza.

Wiki iliyopita Purity alikuja nyumbani, akawakuta wazazi wake wameketi uani jua likiwaangaza usoni. Kwenye paji la uso la babake, mahali ambapo mkanda haujawahi kupita, ngozi ilikuwa imebonyea ikakatiza toka sikio hadi sikio. Akaweka kidole gumba pale. Kikatoshea.

Kwa hiyo boma la mwenyekiti sasa lina mifereji miwili, mmoja wa mama na mmoja wa baba. Hakuna hata mmoja unaotoa maji.