Tao la Chuma Njia ya Juu

Kijijini kwetu Vale da Urze tao la sikukuu lilikuwa la mbao. Likisimikwa Ijumaa, Jumatatu limeng'olewa. Mwaka ule shemeji yangu Abílio, mwenyekiti wa kamati ya sikukuu, akaliweka la chuma, miguu yake ndani ya saruji, pale pale njia ya juu inapoanzia. Kimo alikipima kwa sanamu ya Mtakatifu Roko ikiwa mabegani mwa wanaume wanne. Ikapita vizuri. Wakapiga makofi.

"Shemeji, na gari la zimamoto je?" nikamwuliza mbele ya kanisa. Huko juu anakaa dada yangu Zulmira, miguu haimbebi tangu apate kiharusi, na mikaratusi imemfika dirishani.

"Ewe Deolinda! Tangu kaka afe umeolewa na wasiwasi," akasema, watu wakaangua kicheko. "Mwombe mtakatifu. Au imani imekwisha?"

Imani! Mimi ninayefagia kanisa lile mwaka wa kumi na tisa huu. Nikanyamaza, na kunyamaza kule najilaumu hadi leo.

Jumanne iliyofuata, mchana, upepo ukaushusha moto kutoka mlimani. Gari likaja upesi, dereva wake Idalina, binti wa kujitolea kutoka mji wa jirani. Likasimama mbele ya tao. Lilizidi kimo kwa dhiraa nzima. Wazimamoto wakauvuta mpira wa maji wakipanda kwa miguu. Ukaishia nyumba ya nne. Ya Zulmira ni ya tisa.

"Ling'oeni!" nikasema.

"Ngojeni tulifungue taratibu," akasema Abílio. "Limebarikiwa na padri, hili!"

"Na dada yangu amebatizwa! Mtakatifu Roko aliwafuata wagonjwa walikolala, wewe unawafungia njia wanaowafuata. Idalina mwanangu, funga mnyororo."

"Mama, nikivunja nitaulizwa."

"Sema ni Deolinda, mjane wa Horácio. Vuta!"

Gari likarudi nyuma, chuma kikalia, kikalala. Zulmira walimtoa ndani ya blanketi lililoloweshwa, nyusi zimeungua, mkono wa kulia umebabuka. Nyumba yake haikupona, wala mbili za jirani.

Jumapili baada ya misa Abílio akanijia na barua ya kamati ya kwenda manispaa. Niliisoma polepole, nikifuatisha kwa kidole. Eti moto ulikuja kwa kasi, hakuna aliyeweza kufanya lolote.

"Tia sahihi tu, shemeji. Ya nini kuaibishana?"

"Kasi gani? Gari lilipofika moto ulikuwa bado ng'ambo ya kijito. Lilisimama kwa ajili ya chuma chako. Andika hivyo, nami nitatia sahihi."

"Utakivunja kijiji, Deolinda."

"Kijiji kimeungua, Abílio. Hukuona?"

Nikamrudishia karatasi yake, nikapanda basi la hospitali kwenda kumlisha Zulmira supu, maana mkono ule ulioungua ndio pekee ambao kiharusi kilikuwa kimemwachia.