Mzabibu wa Uani

Hakuna kitu Lorraine alichokidharau kama ua wa ploti yao ya vyumba vya kupanga, mtaa wa Umoja, siku ya mgao wa maji. Bomba likianza tu kukohoa, wanawake wazima walitoka mbio na mitungi, leso zikiwafunguka, wakimwaga maji yaliyobaki, maji safi yasiyo na kosa lolote, eti yamelala. Maji yamelala! Na yeye, aliyesomea sayansi ya mimea hadi digrii, ndio majirani aliopewa hao.

Mzabibu ulikuwa wa marehemu babake, karani wa reli, aliyeupanda kwenye ufa wa saruji kando ya karo la kufulia. Ulikuwa umepanda waya hadi juu ya mabati, na miaka yote ulizaa majani tele na zabibu chachu za kukunja uso. Lorraine alijua sababu. Mzabibu unaonyweshwa ovyo hudeka. Hurefusha matawi tu, na chakula chake huishia huko. Ukiupunguzia maji zabibu zinapoanza kugeuka rangi, mizizi hupeleka habari juu, majani hubana vitundu vyake vya kupumulia, matawi huacha kukua, na sukari huenda kwenye tunda. Lakini ni kazi ya kupima. Ukizidisha kiu, zabibu husinyaa. Ukileta maji mengi kwa ghafla mwishoni, hufura na kupasuka maganda. Basi kila asubuhi alishika ncha za matawi, akachimba udongo kwa kidole, akaamua kama leo ni kikombe au ni patupu. Vichala alikuwa amevifunika kwa mapazia ya mitumba kutoka soko la Gikomba, ndege wasidonoe.

Jumamosi angekuja Muoki, meneja wa shamba la mizabibu Naivasha. Alikuwa amemwambia wazi: nionyeshe zabibu zako, nikiona unajua kutawala maji, kazi ya kusimamia umwagiliaji ni yako. Lorraine alikuwa ametafuta kazi tangu amalize chuo, na hii aliitaka kuliko zote.

Beldina, mama yake Sally, muuza mboga wa mlango wa pili, ndiye aliyeona majani yamelegea mchana.

"Lorraine, huu mti wa mzee unakauka. Si uuwekee maji kidogo, mami?"

"Uko sawa, Mama Sally."

"Uko sawa aje na umenyongea hivi?"

"Nimesema uko sawa." Akaingia ndani, akaurudisha mlango kwa kisigino.

Mamake, Rispa, alikuwa akichagua mchele. "Si ungemweleza tu?"

"Nimweleze nini, Mama? Habari za mizizi? Yule?" Lorraine alicheka kwa pua. Kumweleza Beldina sayansi, kwake, kulikuwa kupoteza mate.

Alhamisi alikwenda Gikomba kutafuta blauzi ya kumpokelea mgeni. Aliporudi, shina la mzabibu lilikuwa limesimama katikati ya dimbwi. Bomba lilikuwa limefunguka mchana, kabla ya siku yake, na maji yote yaliyolala ya ploti nzima, mtungi baada ya mtungi, yalikuwa yamemiminwa pale. Lorraine alipiga magoti na blauzi mpya mkononi, akaanza kuyachota kwa bakuli. Alilia kwa hasira, akiwatukana kimoyomoyo: wajinga, washamba, watu wa mitungi. Hakubisha mlango wa mtu.

Jumamosi Muoki alifika, mtu mpole mwenye viatu vya shambani. Lorraine alifunua pazia la kwanza. Zabibu zilikuwa zimepasuka, nyuki wamezijaa. Muoki alichagua moja nzima, akaitafuna, akatema mbegu.

"Maji maji," alisema. "Ilikuwa imeanza vizuri, naona matawi yalisimama kukua. Halafu ukafungulia mto?"

"Si mimi. Ni majirani. Hawaelewi kitu hawa."

Beldina alikuwa mlangoni pake akikata sukuma wiki. Alikuja akijipangusa mikono, uso umemchangamka.

"Karibu, baba. Umekuja kuona mti wetu? Ulikuwa unakufa, woi! Ni sisi tumeuokoa. Niliambia hata wa kule nyuma, leteni maji, huu ni mti wa mzee wetu."

Muoki alimtazama Lorraine, kisha akamgeukia Beldina kwa heshima. "Mama, hakuna aliyewaambia msiumwagilie?"

"Nani? Huyu?" Beldina alicheka, bila ubaya wowote. "Huyu hata salamu hatupi."

Muoki alitikisa kichwa polepole. Shambani kwake, alisema, maji hufunguliwa na kufungwa na akina mama kama huyu. Kisha akaaga, akianza na Beldina; habari ya kazi hakuigusa tena.

Lorraine alibaki chini ya waya, pazia mkononi. Beldina akamnyooshea bakuli.

"Chuma hizo zilizobaki, mami, tule. Hata kama ni chachu."