Itifaki ya Nyuki wa Dolni Vir

Ujumbe nikiutuma mimi, unafika. Mlima ukae katikati, mvua ya mawe inyeshe, simu ibaki na chaji ya kupigia chafya, ujumbe wa Yavor utafika tu, tena umechana nywele.

Ndivyo nilivyowaambia wafuga nyuki wa Brestak siku ile ya Jumamosi, tukiwa kumi na mmoja kwenye ua wa mwenyekiti wetu, Mzee Stamat, tunakula tikiti kwa jibini nyeupe. Tulikuwa tunachagua itifaki. Itifaki ni adabu ambazo simu hufuata zikipelekeana habari: nani aanze kusalimia, nani apokee mzigo, mwenye nyumba asipokuwepo mzigo uachwe wapi. Ukikosea hapo chini, hata app ipendeze vipi juu, umepaka rangi nyumba isiyo na msingi.

Na hatukuwa tunacheza. Mwaka uliopita Shangazi Gergina, ambaye mizinga yake arobaini iko bondeni Dolni Vir, alipata habari kwamba shamba kubwa la alizeti litapigwa dawa. Akawatumia watu sitini onyo lilelile kupitia app ya kampuni moja ya mbali huko. Kampuni ikadhani anauza kitu, ikamfungia. Onyo la pili, lililobadilisha siku ya dawa, halikumfikia kamwe. Mizinga kumi na tisa ilikufa. Alizoa nyuki kwa koleo. Tangu hapo chama kikaapa kuwa na mtandao wake, usio na bwana wa kumfungia mtu mlango.

Walibaki washindani wawili, mimi na Ralitsa, aliyesoma Varna na kurudi na miwani.

Njia ya Ralitsa: kila kijiji kiwe na seva yake, na seva zipelekeane ujumbe kama posta. Yetu ilikaa kwa Mzee Stamat, ya Dolni Vir ilikaa maktaba, na antena ya maktaba ilirusha mtandao mpaka kwenye mizinga, ambako simu za kawaida hazishiki. Njia yangu haikuwa na seva hata moja. Ujumbe unaruka simu hadi simu, kila apitaye anaupokea na kumwachia anayefuata, umefungwa kwa ufunguo, mbebaji hajui anabeba nini.

"Yavor, huo ni umbea," Ralitsa akasema.

"Haya, nitajie kitu kinachokimbia kuliko umbea hapa Brestak."

"Umbea ukimkuta mtu amelala, unalala naye."

"Na seva ya kwao ikizimwa?"

"Ujumbe unasubiri kwenye seva yetu. Ya kwao ikiamka, unaingia."

"Kumbe si posta, ni foleni!"

"Nyamazeni," akasema Mzee Stamat. "Mnabishana kama madalali wawili wa ng'ombe mmoja. Leo mtatuma, tutaona."

Tulikuwa tumepanga kutuma salamu za kijinga tu. Lakini saa sita na dakika kumi simu ya mezani ya Mzee ililia. Ilikuwa ofisi ya shamba: upepo umetulia, dawa haisubiri Jumatatu, inapigwa usiku wa leo. Ina maana mizinga ifungwe jioni nyuki wakisharudi, wakae ndani kesho mchana kutwa na maji yao na wavu wa hewa. Na Shangazi Gergina saa kumi angepanda basi kwenda kwa dada yake mjini, alale huko. Akiondoka bila habari, alfajiri nyuki wake wangeenda wenyewe kunywa sumu.

"Tumeni hiyo," akasema Mzee. "Wote wawili. Na ikifika saa tisa na nusu sijaona jibu, nawasha lori nakwenda mwenyewe, na itifaki zenu mtafungia samaki."

Tukatuma. Shangazi alikuwa na app zote mbili kwenye simu yake.

Saa saba, kimya. Ralitsa akapiga simu Dolni Vir, akarudi uso umemshuka: Bi Tsonka wa maktaba, akienda kula na kulala mchana, huzima swichi kubwa ya umeme. Kila siku, miaka thelathini. Kwake umeme usiotazamwa na mtu ni moto unaojiandaa.

"Anarudi lini?" nikauliza, sauti tamu kama sharubati.

"Saa tisa."

"Pole sana, dada."

Nikageuka kutazama simu yangu. Wangu ulikuwa umeruka vizuri mpaka kwa Petko mtengeneza jibini, pale juu njia inapovuka mlima, ukakaa. Miho mchunga mbuzi, ambaye angeupokea na kuushusha bondeni, siku hiyo hakupita. Saa saba na nusu ulikuwa bado uko kwa Petko. Ulikuwa umelala naye.

Nikasimama, nikajinyoosha. "Jamani, naenda kumlisha mbwa."

Mbwa wangu ni mnene, angeweza kusubiri. Nilichukua pikipiki ya babu, nikaisukuma bila kuiwasha mpaka nyuma ya kanisa, halafu nikairukia na kuiwasha. Kuna zizi bovu la kondoo kwenye ukingo wa bonde la Dolni Vir. Nikapanda juu ya paa, nikalala kifudifudi, nikainyoosha simu kuelekea mizinga, kushoto, kulia, juu, mpaka ikatoa mlio. Umefika! Dakika mbili baadaye jibu likaingia: "Nimepata. Nafunga. Mjini siendi." Hakuna aliyeniona. Saa nane na robo nilikuwa nimerudi uani, na jibu lilikuwa tayari limerukia simu ya Mzee Stamat nikiwa bado nje ya geti.

"Kijana!" Mzee akanikumbatia. "Simu hadi simu!"

"Si niliwaambia?"

Jibu la Ralitsa liliingia saa tisa na dakika nne, lenyewe, bila kelele. Yeye alivua miwani, akaifuta, akanitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko nilivyopenda.

Mikono ikainuliwa saa moja jioni, ya wote isipokuwa ya mwenyekiti. Minane kwangu, miwili kwa Ralitsa, ukiwemo wake mwenyewe. Mzee alikuwa ameshafungua daftari la chama aandike itifaki yangu kwa kalamu ya wino, nami nimesimama nikieleza jinsi ujumbe ulivyopita kwa Petko, kwa Miho, kwa Miho mpaka bondeni kama maji, ndipo geti likalia. Shangazi Gergina, viatu vya mpira, harufu ya moshi.

"Yote?" Mzee akauliza.

"Yote arobaini. Imefungwa, ina maji." Akakaa, akanywa bilauri ya maziwa ya mgando kwa mkupuo mmoja. "Mnaandika nini?"

"Njia ya Yavor. Ilifika mapema kuliko zote."

"Kweli, ilifika." Akanitazama; alikuwa amenisikia tangu getini. "Miho yuko mjini tangu jana, anang'olewa jino. Huyo Miho aliyeubeba ujumbe ni nani?"

"Mtandao una njia nyingi, Shangazi," nikasema. Mdomo wangu huo, huwa hausubiri ruhusa.

"Hiyo njia niliiona. Nilikuwa nyuma ya mzinga wa saba. Ilikuwa juu ya paa la zizi, tumbo chini, inapunga simu kama inakamata nzi."

"Na alituaga anaenda kumlisha mbwa!" mtu akasema, akacheka. Halafu ua wote. Ralitsa hakucheka.

"Lakini simu ni simu," nikasema, "hata ikipanda pikipiki. Itifaki haijasema mfuko usitembee!"

"Haijasema," Shangazi akakubali. Akaweka bilauri mezani taratibu. "Nakushukuru kwa leo, mwanangu, nakuambia toka moyoni. Sasa niambie. Mwezi ujao watapiga dawa tena. Siku hiyo mbwa atalishwa na nani?"

Wote walinigeukia, wakisubiri. Mzee alikuwa ameinua kalamu.