Mtu wa Kutimiza Akidi

Madiwani walikuwa na mchezo wao. Wakishapokea posho ya kikao, walichomoka mmoja mmoja kwenda Tunduma kuangalia malori yao mpakani, na bajeti ililala kwa kukosa akidi. Mwaka daraja la miti liliposombwa na mto, fedha za kulijenga upya zililala hivyo hivyo. Enesi, uchungu wa uzazi umemshika, akajaribu kuvuka kwa miguu. Mto haukumrudisha. Mumewe, Gwakisa, hakumsamehe diwani hata mmoja.

Sasa binti yao Tusekile alikuwa mjamzito ng'ambo ile ile ya mto, na mvua zilikuwa mlangoni. Ndiyo maana Gwakisa alishinda kwenye benchi la wananchi, ukumbini mwa madiwani. Siku hiyo madiwani walitakiwa kupitisha, kwa kura moja, bajeti yenye daraja pamoja na kanuni mpya: posho baada ya kura, si kabla.

Diwani mmoja akamtania, "Mzee Gwakisa, nawe siku hizi ni diwani wa kata gani?"

"Ya makaburini. Watu wangu mnaniongezea ninyi."

Walicheka, kisha wakaacha.

Kufika mchana viti vilikuwa vinabaki vitupu. Mwenyekiti, Hezron, akamwambia karani ahesabu. Karani yule huhesabu vichwa, majina hayamhusu. Akidi ikapungua mtu mmoja. Hezron akafunga kabrasha, akasema wataonana mwezi ujao. Mwezi ujao mto utakuwa umeshajaa.

"Subiri, mheshimiwa," karani akasema, kidole bado hewani. "Imetimia."

Hakuna aliyesikia mlango. Kwenye kiti cha nyuma alikaa mwanamke aliyejitanda kitenge, kainama. Maji yalimchuruzika pindoni, na nje jua lilikuwa linaunguza. Hezron akamuuliza kama ni mheshimiwa wa viti maalumu. Akazidi kuinama.

Gwakisa alikijua kitenge kile. Alikinunua mwenyewe Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Jina likamjaa mdomoni. Lakini bibi yake alimwonya tangu utoto: marehemu akikujia usimwite, ukimwita huondoka. Na huyu akiondoka, akidi inaondoka naye.

Hezron akamgeukia. "Mzee, unamfahamu huyu mama?"

Miaka yote aliomba amwone japo mara moja.

"Simfahamu."

Mwanamke akainua kichwa kidogo, kama mtu aliyetukanwa na wa nyumbani kwake.

Hezron akahoji, wanaoafiki wakaitikia ndiyo. Ndiyo ya mwisho ilitoka nyuma, nyembamba, ya mtu mwenye maji kooni. Bajeti ikapita.

Walipogeuka, kiti kilikuwa kitupu. Safari hii hakuna diwani aliyekimbilia Tunduma. Walibanana mbele, kila mmoja akimsubiri mwenzake atangulie kupita pale. Gwakisa akaenda peke yake, akapiga magoti, akaweka kiganja kwenye dimbwi lililobaki chini ya kiti. Lilikuwa na ubaridi wa mto.

"Enesi," akaita. Akaita tena, taratibu, huku maji yakikauka chini ya mkono wake.