Pipa Lisilonuka Mafuta ya Taa

Siku ya ukaguzi wa kwanza wa mvua za mwaka huo, kambi ya wafanyakazi wa reli pale Kamina ilinuka mafuta ya taa kabla jua halijapasha mabati. Kila mwanamke alikuwa na chupa yake. Alikwenda kwenye pipa la maji ya mvua, akadondosha matone mawili matatu, akangoja utando wa rangirangi utandae juu, kisha akarudi jikoni roho imetulia. Utando ule uliua viluwiluwi vya mbu. Uliharibu maji pia, maana bomba la kambi lilifunguliwa asubuhi na jioni tu, na saa nyingine watu walifulia na kupikia maji ya pipa. Bukari, ugali wa kule, ikawa na ladha ya kibatari. Lakini hilo halikuandikwa katika daftari la mzungu wa afya, na kambini jambo lisiloandikwa katika daftari halikuwapo.

Katika safu ya nne, nyumba ya mwisho, pipa moja lilikuwa bado halijatiwa kitu. Mbele yake alisimama Dorothée, msichana wa miaka kumi na minne, mikono ameificha nyuma, kama mtu anayeziba mlango.

Augustine, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuja na chupa.

"Mama Dorothée, bado hamuyatia petrole? Banaisha kufika mu mustari wa pili. Edmond wa muzungu njo anabeba kitabu."

"Lete," alisema Mathilde, mama yake Dorothée, akanyoosha mikono akiwa amechuchumaa jikoni.

Mathilde hakuwa mtu mkali. Alikuwa mtu mwenye hofu, na hofu yake ilikuwa na sababu. Kila nyumba ya kambi ilikuwa na ukurasa katika lile daftari. Uchafu, msalaba. Maji yenye wadudu, msalaba. Misalaba mitatu, familia inafungasha vyungu na kuiacha nyumba ya matofali. Wao walikwisha pata mmoja mvua za mwaka jana, kwa sababu ya kopo la sadini ambalo mdogo wake Dorothée, Noé, alilitupa nyuma ya jiko likajaa maji. Kopo la sadini! Tangu siku hiyo Mathilde alifagia uwanja mara tatu kwa siku, na akiona gamba la karanga lililolala chali aliligeuza.

"Mama, tafazali," alisema Dorothée. "Ukitia, batakufa bote."

"Bakufe. Tutalala wapi? Mu pipa?"

Samaki walikuwa kumi na mmoja. Dorothée aliwatoa mwezi wa nane kwenye kijito ambako wanawake huloweka mihogo, akawabeba ndani ya kibuyu, akawamimina ndani ya pipa, ambalo kiangazi walilijaza maji ya bomba, bila kumwuliza mtu. Hawakuzidi kidole cha shahada. Ni aina ambayo paka akipewa huuliza nyingine iko wapi. Mathilde alipowaona alishika kiuno. Yeye alizaliwa Kinkondja, kando ya ziwa, na tangu utoto alipasua na kukausha samaki wasiohesabika.

"Samaki njo inakulishaka bantu," alisema siku ile. "Haina bantu kulisha samaki."

Baba, Kisimba, aliyekuwa mgeuza njia za reli pale stesheni, alitaka kuwamwaga palepale. Dorothée alilia, akabembeleza, akaahidi kufua nguo za kazi za baba yake, zile zenye grisi ambayo sabuni ya kambi huicheka tu. Kisimba alipenda mambo yenye sharti.

"Kila Posho nitateka maji na sahani nyeupe ya mama yako," alisema, maana Jumamosi waliiita Posho kwa sababu ndiyo siku chakula kiligawiwa. "Siku naona kadudu kamoja, namwanga yote."

Jumamosi kumi na mbili zilipita. Alichota, akainamisha sahani kwenye mwanga, hakuona kitu. Dorothée hakungoja wadudu waje wenyewe: alizunguka kwenye mapipa ya majirani na kijiko, akawachotea viluwiluwi vyao na kuwapelekea samaki wake. Augustine mwenyewe alikuwa akimwita, "Kuya utoshe bidudu yako." Na Noé, ambaye kila mvua ilimkuta akitetemeka chini ya blanketi, mwaka huu mvua zilikuwa na wiki sita na hajatetemeka.  Kisimba alianza kukaa pale pipani muda mrefu kuliko sahani ilivyohitaji, sigara mkononi, na dume mmoja mwenye midomo ya buluu na doa jekundu chini ya mkia alimpa jina la Kapita, yaani mnyapara, kwa sababu alifukuza wenzake kutwa nzima na yeye hafanyi kazi.

Sasa Mathilde alisimama juu ya pipa, chupa imefunguliwa.

"Angalia kwanza," alisema Dorothée. "Ule wa kijivu, pale chini. Kinywa yake imevimba."

"Iko mugonjwa?"

"Haiko mugonjwa. Iko na batoto mu kinywa. Siku kumi haikule."

Mathilde aliinama, apate kumaliza ubishi. Vitone vidogo vyenye macho vilikuwa vimetawanyika mbele ya yule samaki wa kijivu, vikichezacheza. Kivuli cha chupa kikaanguka majini. Mara vitone vyote vikageuka, vikamkimbilia mama yao, naye akafungua kinywa, vikaingia kimoja baada ya kingine mpaka hakikubaki hata kimoja. Akakifunga. Akakaa kimya chini ya pipa, mashavu yamejaa.

Mathilde hakuondoka. Maisha yake yote alikuwa amewatumbua samaki, na hajapata kumwona hata mmoja aliyeachwa kuishi hadi awe mama wa mtu.

Alichukua sahani nyeupe, akachota, akaangalia. Akachota tena upande wa pili.

"Augustine, shika chupa yako," alisema. "Maji yetu iko safi."

"Weye unajua safi. Kitabu inajua petrole," alisema Augustine, akaenda zake.

Kisimba alitoka ndani amevaa nguo za kazi, kopo lake la chakula, ile gamelle, mkononi, maana zamu yake ilianza saa nne. Aliona chupa ikiondoka, akamtazama mkewe.

"Nilitaka kutia," alisema Mathilde. "Mikono ilikatala."

"Sharti ilikuwa kadudu," alisema Kisimba. "Kadudu hakuna. Batakaa."

Dorothée alipiga kofi moja kwa furaha. Miezi mitatu alikuwa akilisubiri neno hilo, nalo lilimfikia robo saa tu kabla ya wageni.

Mzungu wa afya alikuja na kaptura na kofia ngumu, nyuma yake vibarua wawili na Edmond, msaidizi wake, mwenye kitabu kwapani na upawa mweupe wa mpini mrefu. Edmond alisali misa moja na Kisimba, lakini siku ya ukaguzi hakumjua mtu.

"Jambo, Bwana Edmond," alisema Kisimba.

"Eyo vidye," alijibu Edmond haraka, kwa heshima ya kwao, akatumbukiza upawa. Mara ya kwanza, hakuna. Mara ya pili, hakuna. Mara ya tatu aliuleta karibu na jua, akaugeuzageuza. Maji yalikuwa meupe kama ya bomba.

Mzungu alivuta pua, akasema maneno machache ya Kifaransa.

"Anauliza petrole iko wapi," alisema Edmond.

"Bidudu hakuna, Bwana Edmond. Mutoto wangu alitia samaki, njo inakulaka bidudu yote."

Edmond alishusha sauti. "Weye Kisimba, ni matone mawili tu. Juu ya nini munanitia mu matata?"

Lakini mzungu alikuwa amekwisha chuchumaa. Aliangalia pipa, akaangalia tena, akamnyooshea Kapita kidole. Akasema maneno mengi, mara hii akitabasamu kidogo. Moyo wa Dorothée ulipanda.

"Bwana anafurahi," alisema Edmond. "Anasema huyu mutoto iko na akili. Kule kwa Madame, muke yake, mu jardin ya maua, kuko bassin, njo kaziwa kadogo, na bidudu ni mingi sana. Madame anakatala petrole, ju imbwa yake inakunywaka mule. Sasa atapeleka hizi samaki kule."

Kibarua mmoja alikuja na ndoo na chujio. Kapita alikamatwa wa kwanza, kisha madume mengine matatu yenye rangi. Wa kijivu mzungu hakuwataka.

Edmond alifungua kitabu, akalamba ncha ya penseli, akaandika msalaba.

"Ulisema anafurahi," alisema Kisimba.

"Anafurahi. Pipa bila petrole, musalaba. Haina minyi, ni kitabu."

"Kule ku bassin samaki inatosha?"

"Kule inatosha."

"Na hapa?"

"Hapa ni camp, Kisimba."

Katika miaka kumi na sita ya kazi Kisimba hakuwahi kumjibu mtu mwenye kitabu. Alisema "ndiyo, Bwana" hata alipoulizwa jambo lenye jibu la hapana. Sasa alilitazama lile daftari, na Dorothée akaona mshipa wa shingo yake umesimama.

"Muulize, Edmond. Imbwa ya Madame, iko na ukurasa mu kitabu?"

Penseli ilisimama. Mzungu aliuliza kitu, na Edmond akamjibu kwa maneno mawili matatu. Alitafsiri au alificha, Kisimba hakujua. Mzungu aliitikia kwa kichwa, akalionyesha pipa, akaenda safu nyingine na ndoo yake. Vibarua wakashika ukingo wa pipa, wakalipindua.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini samaki anazoleka ukimuwahi. Mathilde ndiye aliyewahi. Alipiga magoti kwenye tope na kitenge chake kisafi, kile alichokivaa kwa ajili ya ukaguzi, akapapasa kama anayetafuta pete. Wengine walikuwa wanarukaruka, na kuku wa Augustine walikwisha fika. Mathilde akawasahau wengine.

"Huyu," alisema, viganja vimefumbana. "Bado imefunga kinywa. Maji! Leteni maji!"

Kisimba alifungua kopo lake la chakula. Alitoa donge la bukari na majani ya muhogo, akavifunga katika kipande cha gazeti kuukuu, akamkabidhi Dorothée kopo tupu.

"Kosha muzuri," alisema. "Hakuna mafuta kubakia."

King'ora cha zamu kililia. Akaenda kazini, gazeti linalowa mchuzi mkononi mwake, na misalaba miwili katika ukurasa wake. Umebaki mmoja.

Kutwa nzima kopo lilikaa chini ya kitanda, limefunikwa na sahani nyeupe. Dorothée alilia mpaka akachoka, kwa ajili ya Kapita, kwa ajili ya wale walioliwa na kuku, na zaidi kwa sababu nyumba ilikuwa imefika ukingoni na yeye ndiye aliyeisukuma. Mchana ilinyesha mvua kubwa. Ilipoisha alimkuta mama yake amelisimamisha pipa mahali pake, nalo limejaa zaidi ya nusu. Mathilde alikuwa na tambara, na kando yake ilikuwapo chupa ya Augustine.

"Mama, hapana," alisema Dorothée.

Mathilde alilowesha tambara kwa mafuta, akaanza kupangusa pipa kwa nje, kuanzia chini, pole pole, mpaka lote likanuka kama kambi nzima ilivyonuka. Ndani hakutia hata tone.

"Banataka harufu," alisema. "Batapata harufu. Siku yabo ikifika, samaki inalala chini ya kitanda." Akafuta mikono kwenye majani, akaisugua kwa majivu, akainusa, akaisugua tena. "Sasa lete gamelle ya baba yako. Inamisha pole pole, isiogope ikatema batoto."