Ndoo ya Wageni

Uvumi ulimfikia Jeannette shambani, anapalilia maharage, na tangu saa hiyo haukumwachia. Kwamba kitongoji cha juu wamezika wawili wa nyumba moja kwa siku moja, wameharisha tangu jioni mpaka wakaisha, na matandiko yao yamefuliwa mtoni. Mto ule ule. Juu wanafulia, chini wanachota.

Alimwuliza Anania, mhudumu wa afya anayepita nyumba kwa nyumba kukagua vyoo. Anania akatazama huku na huku, akasema ni kuhara kwa kawaida, watu wamekula mahindi mabichi. Akaondoka haraka kuliko alivyokuja.

Jeannette hakutulia. Akisonga ugali, anawaza mto. Akifagia, anawaza mto. Bomba la kijiji lilikuwa kavu tangu Juni, pampu iliungua, na kila kikao waliambiwa kifaa kiko njiani kinatoka Kigoma.

Maji yaliyochemshwa alikuwa nayo. Ndoo nzima, lita ishirini, pale sebuleni. Nyumba yake ilichaguliwa kuwa kaya ya mfano kwa sababu iko kando ya barabara na ina bati. Melkiadi, mtendaji wa kijiji, alileta mwenyewe ndoo mpya yenye koki, akafungisha na kibuyu chirizi cha kunawia mikono mlangoni mwa choo, akasema wageni wa mradi wa maji na usafi watapita Alhamisi. Wakikuta mambo safi, kijiji kitapata pampu. Ndoo ijae mpaka juu, watoto wasiiguse.

Kuchemsha maji ya kuijaza kulimmalizia kuni za siku tatu, na msituni walinzi wananyang'anya mpaka panga. Akaifunika kwa kitambaa alichofuma mwenyewe. Kwao hakuna aliyehitaji kumfundisha hilo. Mama yake alivuka kutoka Burundi na kikombe kimoja cha udongo ambacho mtoto hakuwahi kukinywea. Kilicho kizuri ndani ya nyumba ni cha mgeni. Kwa hiyo binti yake Ange, wa miaka saba, alipokuja na kikombe, Jeannette alimshika mkono, akamwita mwanangu kwa Kirundi cha kwao.

"Hayo ya wageni, mwana wanje. Kunywa ya dumu."

Dumu lilikuwa la mtoni. Alisema atayachemsha akipata kuni. Ilikuwa Jumanne.

Alhamisi alfajiri Ange akaanza. Kufika saa mbili, kilichomtoka kilikuwa maji matupu, meupe kama ya kuoshea mchele, na macho yameingia ndani. Venanti, baba yake, alikuwa Manyovu anapakia malori, simu haipatikani. Zahanati ni mwendo wa saa mbili kwa miguu. Kijiji kina bajaji ya wagonjwa, ufunguo anao mtendaji. Jeannette akamfunga mtoto mgongoni, akakimbia ofisini.

Melkiadi alikuwa uwanjani na kwaya, anawapanga wafupi mbele. Bajaji iko pembeni, imepambwa majani ya migomba.

"Naomba bajaji, mtendaji. Mtoto anaisha."

"Anaharisha. Watoto wanaharisha, Mama Ange." Akamvuta kando. "Wageni wameshatoka Kasulu. Unataka wapishane na mgonjwa njiani? Rudi, simama karibu na ndoo yako. Wakishapita, ufunguo huu hapa."

"Na wa kule juu, nao waliharisha tu?"

Hapo ndipo alipomtazama vizuri.

"Nani amekuambia habari za kule juu? Nyinyi karatasi za uraia mmepewa juzi, wino haujakauka. Mmeanza kututangazia magonjwa?"

Jeannette akarudi. Angeweza kushika njia ya zahanati kwa miguu, na hilo ndilo baadaye lililokataa kumshuka kooni: alirudi. Akamlaza Ange nyuma ya pazia, akamwekea karai, akasimama pale alipoambiwa asimame. Kila baada ya dakika alichungulia. Ange aliomba maji. Akampa vijiko viwili, akaacha, kwa kuwa alisikia mtu anayeharisha akinyweshwa ndipo anazidi.

Wageni walifika karibu saa tano. Mama mmoja mwenye miwani akafungua koki, akajaza glasi, akanywa yote, akasema maji matamu. Wakapiga picha ndoo, wakapiga picha kibuyu chirizi, wakampiga picha Jeannette akinawa mikono, wakamwomba arudie, jua lilikuwa baya.

"Na watoto wako wapi, mama?"

Jeannette akafungua mdomo. Melkiadi alikuwa mlangoni, mkono ndani ya mfuko wenye ufunguo.

"Wako shule," akasema Melkiadi.

"Ndiyo," akasema Jeannette. "Karibuni tena."

Ufunguo ulitoka saa saba. Njia nzima mtoto hakulia, na bora angelia. Zahanati benchi lilikuwa limejaa wanawake na watoto wao, wengine wa kitongoji cha juu, kila mmoja anatazama chini kana kwamba ameiba. Muuguzi akauliza mtoto amekunywa maji gani.

"Ya mto."

"Nyumbani hakuna yaliyochemshwa?"

"Yapo. Ndoo nzima."

Muuguzi akaacha kuandika, akachukua sindano ya dripu. Akachoma mkono wa kulia. Akachoma wa kushoto. Akahamia mguuni, akipapasa ngozi iliyobaki imesimama alipoifinya, mshipa hauonekani.

Jeannette akageukia benchi. Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayemwagiza jirani aendaye sokoni, asije akasahau.

Msichote mtoni, hata yakiwa maangavu.

Msifue nguo za mgonjwa mtoni, wala za marehemu.

Msimnyime mtoto maji masafi kwa ajili ya mtu yeyote.

Akiharisha, msiache kumnywesha.

Msikubali kuambiwa ni mahindi.

Msingoje bajaji.

Msianzie ofisini.