Kengele ya Mwalimu Twiga

Kabla hujanihukumu, jua kwanza kwamba kengele ile niliisikia.

Ilikuwa kengele ndogo ya kushika mkononi, ikikaa dirishani katika darasa la watoto wa miaka minne. Mwalimu wao alikuwa mwanamume, wa pekee katika chekechea yetu. Watoto walimwita Twiga kwa urefu wake, maana akikaa kwenye viti vyao magoti yalimfika kidevuni. Wiki yake ya pili tu, wazazi wakaanza: mwanamume mzima anatafuta nini kwa watoto wadogo? Lisemwalo lipo, wakasema, ingawa hakukuwa na lililosemwa ila walilolisema wao wenyewe. Mwalimu mkuu akatunga sheria. Twiga asimpeleke mtoto chooni, asimbadilishe nguo, asimpakate. Mtoto akibanwa na haja, Twiga apige kengele, nami wa darasa la jirani nije.

Niliichukia kazi ile. Mara sita, mara nane kwa siku nawaacha wangu wakirarua vitabu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: fedheha yake niliiona nyepesi, nikaihurumia miguu yangu.

"Samahani, dada," alikuwa akisema kila nikiingia, macho chini.

Siku moja nikamchokoza. "Kaka, hivi umekosa kazi nyingine? Hata udereva?"

Akacheka. "Mama alifariki akaniachia wadogo watatu. Nimewaogesha, nimewasuka nywele, nimewapeleka shule. Hii ndiyo kazi ninayoijua, dada."

Alhamisi ile kengele ililia nikiwa kwenye simu na mdogo wangu, tunamsengenya wifi yetu. Nikasema moyoni, atasubiri. Ikalia tena. Ilipolia mara ya tatu niliinuka, nikaenda kufunga mlango ili nimsikie vizuri mdogo wangu.

Nilipokuja kwenda, nilimkuta binti wa mwenyekiti wa kamati ya wazazi amesimama katikati ya dimbwi, soksi zimelowa, anatetemeka. Twiga alikuwa amepiga magoti hatua moja mbele yake, mikono ameifunga nyuma ya mgongo, anamwimbia ule wimbo wao wa kunawa mikono. Koti lake alikuwa amelitandaza sakafuni ili mtoto akanyage pakavu. Na mlangoni alikuwa amesimama mama wa mtoto, aliyekuja mapema kumchukua.

"Mtoto analia, wewe unaimba!" alifoka. "Hata kumshika huwezi? Una moyo kweli wewe?"

Mama huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kutia saini kwamba Twiga asiguse mtoto.

"Nilipiga kengele, mama," Twiga akajibu.

Mchana tuliitwa ofisini. Mama akasema alijua tangu mwanzo, mwanamume hana uchungu wa mtoto. Mwalimu mkuu akanigeukia. "Mwalimu, uliisikia kengele?"

Twiga alinitazama. Hakunisihi. Alinitazama kama anavyomtazama mtoto anayehesabu na kukwama kwenye saba, akimwacha afike kumi mwenyewe. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne katika shule ile, na jina zuri, na woga. Nikaitazama meza.

"Sikuisikia," nikasema.

Alijua ninadanganya, kutoka dirisha lake hadi langu hazifiki hatua kumi. Angeweza kusema. Alisema tu, "Basi," na alipoachishwa kazi palepale akaomba ruhusa akawaage watoto, akanyimwa. Akaondoka na koti lake lililolowa, amelikunja ndani ya mfuko wa plastiki.

Darasa lake nimepewa mimi. Wazazi wanaridhika, wananiita mama yetu, nami kila nikiitwa hivyo nasikia aibu. Kengele iko palepale dirishani, sijathubutu kuiondoa.

Juzi binti yule alisimama mbele yangu amebana mapaja. Kabla sijamuuliza, akanyoosha mkono dirishani, akaipiga.

"Siku hizi niambie mimi tu, mwanangu," nikamwambia. "Mimi nakupeleka."

Akatikisa kichwa, akaipiga tena, macho mlangoni.

"Unampigia nani?"

"Mwalimu Twiga," akasema. "Yeye akisikia, anakuja."